Maiti ya Mashine Nambari Nne

Ofisini wananiita Mama Maiti. Sikasiriki, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mashine ya kompyuta inapoanguka ghafla, kabla haijazimika kabisa hutapika kila kilichokuwa kichwani mwake na kukiandika kwenye diski: nani alikuwa anaiagiza, ilikuwa imefika wapi, kitu gani kiliishinda. Faili hilo ndilo sisi tunaloliita maiti. Wengine hulifuta, huwasha mashine upya na kwenda zao kunywa chai. Mimi hulipasua. Miaka ishirini na miwili nimepasua maiti, na hakuna hata moja iliyowahi kunidanganya. Wanaodanganya ni walio hai.

Nasema haya mapema ili ujue kwa nini mkwe wangu sikumwamini.

Kampuni yetu inatunza kumbukumbu za benki ya damu. Hospitali kumi na moja zinatuuliza sisi: damu ya kundi gani ipo, iko friji gani, muda wake unaisha lini. Mashine zikilala nusu saa tu, manesi wanaanza kupekua mafriji kwa mikono, na simu zinalia mpaka mpokea simu anatamani kulia nazo. Kwa hiyo mtu anayechezea mashine zetu hachezei kompyuta. Anachezea mgonjwa aliyelala mezani tumbo wazi.

Mkwe aliingia kwetu miezi minane iliyopita, akitokea kampuni iliyokuwa ikishindana nasi kuipata kazi hiyohiyo. Hapo tu nikaanza kunusa. Binti yangu akamtetea mumewe: "Mama, amekuja hapo kwa sababu yako. Anataka kujifunza." Kujifunza! Anayekuja kujifunza si huuliza maswali? Huyu katulia kama maji ya mtungi. Nikambandika jina, Bwana Kimya, likamganda ofisi nzima. Halafu alikuwa na kidaftari cheusi, na kila nikipita karibu anakifunga. Wala hakifungi kwa kushtuka, hapana, taratibu kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Anayefunga daftari taratibu amejizoeza.

Mwezi uliopita binti yangu akajifungua mtoto wa kiume, nikachukua likizo ya wiki mbili kwenda kumhudumia. Jumamosi moja jioni mkwe akarudi nyumbani shati limejaa vumbi. Nilikuwa sebuleni, mjukuu kifuani, ndiyo kwanza amelala baada ya kutusumbua mchana kutwa. Mkwe akasimama mlangoni.

"Mama, ile nambari nne leo tume..."

"Hapa hatuongei kazi," nikamkata. "Huoni nimembeba mtoto?"

"Sawa, Mama." Akaenda zake kuoga.

Nilirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Saa nne na dakika moja asubuhi, mashine nambari nne ikaanguka. Puu! Simu zikaanza. Tukaiwasha upya, nikakimbilia maiti yake, nikakuta imekatika katikati, haina kichwa wala miguu. Diski haikuwa na nafasi ya kutosha. Nikafoka, nikaagiza diski isafishwe, nikasubiri.

Jumatano Bwana Kimya akaja mezani kwangu. Kumbuka, huyu ni mtu asiyeuliza.

"Samahani, Mama. Ile programu yako ya kufagia, bado tunaihitaji?"

Mfagiaji ni kijiprogramu nilichokiandika mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita. Jumatatu na Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, kinaamka kwenye nambari nne, kinafuta ukurasa mmoja wa maagizo yaliyokwisha, kinalala. Hakijawahi kumkosea mtu adabu. Na huyu mtu wa juzi ananiuliza kama bado kinahitajika!

"Usiguse kitu changu," nikamwambia. "Umenisikia? Hata kwa ncha ya kidole."

Akafungua kidaftari, akaandika mstari mmoja, akakifunga. Taratibu.

Alhamisi, saa nne na dakika moja, nambari nne ikaanguka tena.

Safari hii Mkurugenzi alishuka mwenyewe. Ni mtu mnene, mwenye haraka, asiyejua diski na sahani ya chai zinatofautiana wapi, lakini anajua kupiga meza. "Hospitali mbili zimeniandikia barua," akasema. "Nataka jina. Kama ni uzembe nataka jina, kama ni mkono wa mtu nataka jina vilevile."

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

Mtu atauliza: wewe mwenye miaka ishirini na miwili, hukujiuliza kwa nini saa nne, tena siku zilezile za mfagiaji wako? Nilijiuliza. Nikajijibu kwamba saa nne ndiyo saa ambayo hospitali zote huagiza damu ya mchana, na mashine ya kuelemewa huelemewa saa hiyo. Na mfagiaji kafagia miaka kumi na moja bila kuangusha hata kijiti. Nikajijibu haraka sana, sasa naona.

Maiti ya Alhamisi ilikuwa nzima. Nikavaa miwani, nikafunga mlango.

Hapa lazima nikueleze kitu kimoja cha kazi yetu, nacho si kigumu. Kumbukumbu ya mashine ni visanduku vidogovidogo, na kisanduku kimoja hakibebi zaidi ya mia mbili hamsini na tano. Nambari ya mfanyakazi ikizidi hapo, inagawanywa visanduku viwili: kimoja cha mafungu ya mia mbili hamsini na sita, kingine cha mabaki. Sasa, mashine zetu ni za aina mbili. Zile za zamani hutanguliza mafungu, mabaki yakafuata. Hizi mpya hufanya kinyume, mabaki mbele, mafungu nyuma. Wala hakuna aliyekosea, kila kiwanda na mazoea yake. Ila wewe msomaji ukisoma ya mpya ukidhani ni ya zamani, umekwisha.

Ndiyo maana kila mgeni anayeingia idarani namfundisha neno hili kabla ya yote: usiiguse maiti kabla hujauliza imetoka nyumba gani.

Sehemu kubwa ya maiti husomwa na chombo maalumu, ambacho hutambua chenyewe aina ya mashine na kukupangia kila kitu. Lakini kile kipande cha mwisho, ambamo programu yetu wenyewe huandika nambari ya aliyetoa agizo, chombo hakikijui. Hicho nakisoma kwa jicho. Na nambari nne ilikuwa ya zamani, hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu, kwani niliifunga mwenyewe kabatini, nikaumia kidole, na kovu lipo.

Nikashuka mpaka mwisho. Kisanduku cha kwanza: mbili. Cha pili: moja. Mafungu mawili ya mia mbili hamsini na sita, jumlisha moja. Mia tano kumi na tatu.

Sikuhitaji orodha ya wafanyakazi. Mia tano kumi na tatu ni mkwe wangu.

Nikuambie ukweli? Moyo haukuniuma. Ulifurahi. Nilisema "Aha!" kwa sauti, peke yangu, kama mtu aliyeshika mwizi uchochoroni. Kulikuwa na ukurasa wa pili unaoonyesha agizo lenyewe lilitoka kwenye programu gani. Siku zote huusoma. Siku hiyo nikalifunga faili.

Nilipompelekea Mkurugenzi ripoti yangu, alinikodolea macho. "Huyu si mkwe wako?"

"Kazini hakuna mkwe."

"Una hakika? Nikiliweka hili mezani, anafukuzwa, na faili linakwenda polisi. Mambo ya damu haya, si mchezo."

Hapo nikasita kidogo, si kwa shaka, kwa ajili ya mwanangu. "Nipe mpaka Jumatatu saa nne," nikasema. "Nimwone kwa macho yangu."

Jumatatu nilijibanza kwenye korido, karibu na mlango wa kioo wa chumba cha mashine, nikijifanya nasoma tangazo la zimamoto. Saa nne kasoro dakika tano, huyo! Anakuja Bwana Kimya, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anaingia. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la nambari nne. Akaandika kitu kifupi. Halafu akasimama, mkono juu ya kabati, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika tano nzima. Saa nne ikafika, ikapita. Mashine haikuanguka.

Akatoka akijifuta jasho. Chumba kile kina baridi ya kuvaa sweta, naye anatoka na kijasho chembamba!

"Ulikuwa unafanya nini humo?"

Akashtuka, akainamisha kichwa. "Naangalia tu, Mama."

"Unaangalia nini?"

"Naangalia kama iko salama."

Ebo! Nikajisemea, huyu amenusa kwamba anachungwa, leo kauficha mkono. Nikapanda ngazi mbili mbili, magoti haya haya mabovu, nikaingia kwa Mkurugenzi na kutia sahihi ile ripoti. Saa sita mchana mkwe alikabidhi funguo zake, akaambiwa kikao ni Jumatano saa tatu.

Jioni ile binti yangu alikuja kwangu. Hakukaa. Mtoto mgongoni, uso umemvimba kwa kulia.

"Mama, umemfanyia nini mume wangu?"

"Mimi sijafanya kitu. Maiti imesema."

"Nimemuuliza yeye, anasema hana la kusema. Nimembana, nimelia, hana la kusema! Mtu asiye na hatia anakaaje kimya hivyo?"

"Umejijibu mwenyewe, mwanangu."

Akakaza mbeleko ya mtoto. "Sikiliza, Mama. Akifungwa kwa haki, nitavumilia. Lakini kama umemfunga kwa sababu hujampenda tangu siku ya kwanza, mimi na huyu mtoto hutatuona tena. Nakuapia." Akageuka, akaenda. Mjukuu wangu alikuwa macho mgongoni, akaniangalia mpaka wakakata kona.

Sikula siku ile. Lakini ripoti sikuigusa. Nambari ni nambari, nikajiambia.

Jumatano tulikuwa watano chumbani: Mkurugenzi, afisa utumishi na kalamu yake, mkwe wangu, mimi, na fundi umeme, ambaye aliitwa kwa sababu yeye ndiye mtunza ufunguo wa chumba cha mashine. Fundi umeme ni mcheshi, hata msibani hutafuta la kuchekesha, lakini siku hiyo alikuwa kajikunyata. Kidaftari cheusi kilikuwa mezani, mkwe alikiweka mwenyewe. Hakuna aliyekigusa.

Nikawaonyesha ukurasa ule kwenye skrini kubwa ukutani. Mbili, moja. Nikaeleza mafungu na mabaki. Afisa utumishi akaandika. Mkurugenzi, ambaye siku zote ninapoeleza hutazama dirishani, siku hiyo akajitia kuelewa.

"Umesema mashine za zamani na mpya zinaandika tofauti," akasema. "Hii nambari nne ni ya zamani au mpya?"

"Ya zamani," nikajibu, na nilijibu kwa kiburi, nakiri. "Niliifunga mwenyewe."

Fundi umeme akakohoa. "Nambari nne? Samahani, Mama Maiti. Ile ya zamani tulishaitoa. Iko stoo, nimeweka ndoo ya rangi juu yake."

"Lini?"

"Si ile Jumamosi, ulipokuwa likizo. Mimi na mkwe wako. Tulitoka humo vumbi mpaka puani. Jina tumeacha lilelile nambari nne, ila mashine ni mpya."

Kama umewahi kukanyaga gizani ngazi ambayo haipo, unajua kilichonipata. Nikatazama ukutani. Mbili, moja. Mabaki mbele, mafungu nyuma. Fungu moja la mia mbili hamsini na sita, jumlisha mbili.

Mia mbili hamsini na nane.

Nambari hiyo ilikuwa kifuani kwangu, kwenye kitambulisho, chini ya picha yangu ya ujana. Nimeivaa miaka ishirini na miwili. Mimi sikutoa agizo lolote siku ile saa nne, nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Lakini mfagiaji hufanya kazi kwa nambari yangu. Na mfagiaji nilimwandika kwenye mashine za zamani, nikampa visanduku vyake viwili kwa mpango wa zamani: mafungu sifuri, mabaki moja, yaani futa ukurasa mmoja. Kwenye mashine mpya visanduku vilevile vinasomeka fungu moja, mabaki sifuri. Futa kurasa mia mbili hamsini na sita. Kijiprogramu changu kitiifu kilikuwa kimefagia mpaka sakafu ambayo mashine yenyewe ilikuwa imesimama juu yake.

"Kwani inabadilisha kitu?" Mkurugenzi akauliza.

Hapo ndipo nilipogeuka nikamtazama mkwe wangu. Mle chumbani ni watu wawili tu walioweza kuipiga ile hesabu, mimi na yeye. Na yeye alikuwa ameshaipiga zamani. Niliona usoni mwake. Alishuku tangu ile Jumatano aliponiuliza habari ya mfagiaji, na Alhamisi ikamhakikishia. Jumatatu hakuingia kuharibu kitu, aliingia kumsimamisha mfagiaji kwa mkono, mara moja tu, bila kumfuta, kwa sababu nilimkataza kugusa kitu changu. Na sasa alinitazama mimi, mama mkwe wake niliyebakiza miezi minne kustaafu, akatikisa kichwa. Kidogo sana. Usiseme.

Mtume! Nilihisi aibu ikinipanda kutoka miguuni.

Sitajifanya malaika. Nilifikiri. Nilifikiri kwamba neno moja lingetosha, "haibadilishi," na Mkurugenzi angerudi dirishani kwake. Mfagiaji ningekwenda kumfuta kimyakimya mchana huo. Ningeagwa vizuri na keki na hotuba. Nikafikiri pia kwamba yule mtu angekwenda jela kwa ajili ya heshima yangu, akiwa amenyamaza vilevile, nami ningemwita Bwana Kimya mpaka siku ya kufa kwangu.

"Inabadilisha," nikasema. "Inabadilisha kila kitu. Nimeisoma kinyume."

Nikavua kitambulisho, nikakiweka mezani, mbele ya afisa utumishi. "Nambari iliyoko ukutani ni hii. Andika. Mashine iliangushwa na programu yangu, na huyu aliniuliza nikamfokea. Jumatatu mashine haikuanguka kwa sababu yeye aliizuia. Mwambie akuonyeshe."

Fundi umeme akasema "Loo," akafunga mdomo wake. Mkurugenzi akanitazama, akamtazama mkwe, akanitazama tena. "Kwa hiyo nilikuwa namfukuza mtu aliyeiokoa mashine?"

"Kwa sahihi yangu," nikasema.

Hawakunipeleka polisi. Waliniambia nistaafu kuanzia siku hiyo, bila keki, na niandike barua kwa hospitali zile mbili kwa mkono wangu nikieleza kosa ni la nani. Niliziandika. Mkwe alirudishiwa funguo zake palepale, na saa tano alikuwa chumba cha mashine akimfundisha mfagiaji kusoma visanduku upya. Hakumfuta. Alimrekebisha.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, alikuja akasimama pembeni ya meza, mikono nyuma, kama alivyosimama siku aliyokuja kuposa. Kidaftari kilikuwa mfukoni. Nikamnyooshea mkono bila kuomba, tabia haifi siku moja, naye akanipa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko mzuri kunizidi: *Usiiguse maiti kabla hujauliza imetoka nyumba gani.* Chini yake kurasa nzima nzima za maneno yangu, kila nililowahi kusema pale idarani, mengine matusi, nayo kayaandika. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili. *Ufagio ni wa Mama, usiguswe. Jumatatu na Alhamisi, saa 3:55, usimamishe kwa mkono mpaka Mama aruhusu.*

Herufi zikaanza kucheza. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa, bado zinacheza.

"Sasa wewe mtoto," nikamwambia, maana hasira ndiyo njia pekee ninayoijua ya kulia mbele za watu, "ungekwenda jela! Mke wako, mwanao! Kwa nini hukusema mashine imebadilishwa?"

Aliangalia viatu vyake.

"Nilisema, Mama," akajibu. "Ulikuwa umembeba mtoto."